Dakika Sita Zinazorudi: Wembe Ndani ya In a Silent Way

Kabla kompyuta haijaingia kwenye studio niliyojifunzia kazi, sauti tuliikata kwa wembe. Wembe uleule wa kunyolea. Unaisogeza kanda kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka usikie neno linapoanzia, unatia alama mgongoni mwake kwa penseli nyeupe, unailaza kwenye kibao chenye mfereji, kisha unakata mshazari. Ukikata wima, kiungo kitalia “tak” na kila msikilizaji atajua umepita hapo. Katika mwezi wangu wa kwanza nilimkata mzee mmoja aliyesema “hilo si kweli” akabaki anasema “hilo kweli”. Nilishinda mchana kutwa nikipekua kapu la taka kutafuta “si”, kipande kisichofika urefu wa kidole.

Kapu lile hunijia akilini kila ninaposikiliza In a Silent Way ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Wapenzi wa jazi huieleza kama albamu ambayo Miles aliivukia mto, akaacha jazi ya piano ya kawaida akaingia kwenye umeme. Wana haki. Ila sisi wa kanda tunaisikia kwa sikio jingine. Muziki ulipigwa kwa siku moja, tarehe 18 Februari 1969, katika studio ya CBS ya 30th Street, New York, jengo lililokuwa kanisa zamani. Umbo lake lilipatikana baadaye, mezani, mikononi mwa prodyuza Teo Macero, ambaye naye alikuwa mpiga saksafoni na mtunzi.

Tuanze na waliokuwamo chumbani, maana orodha yenyewe ni ya ajabu. Tarumbeta, Miles. Saksafoni ya soprano, Wayne Shorter. Besi, Dave Holland. Dramu, Tony Williams. Gitaa, John McLaughlin, Mwingereza aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka New York kupiga na Williams. Miles akamvuta studio. Halafu vinanda vya umeme, si kimoja wala viwili: Herbie Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul wa Vienna, aliyeongezea ogani. Wapiga vinanda watatu kwenye bendi moja ni rahisi kugongana kama daladala kituoni. Hapa hawagongani. Kila mmoja anaacha nafasi, mwenzake anaijaza kwa noti mbili tatu, basi. Sauti ya kinanda cha umeme ina mviringo kama kengele iliyofunikwa kitambaa. Vikipangwa vitatu huwezi tena kusema nani ni nani, unasikia kitu kimoja kinachometameta.

Miles mwenyewe tarumbeta lake hakulichomeka popote. Umeme uko kwa wenzake. Na kama neno tarumbeta linakuletea msafara wa harusi na vumbi la barabarani, lisahau kwa muda. Huyu anapuliza kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Upande wa kwanza wa santuri, Shhh/Peaceful, una dakika 18 na sekunde kadhaa. Williams, mmoja wa wapiga dramu wenye vurugu tamu kuliko wote wa zama zile, anapiga hapa matoazi ya kukanyaga tu: ts-ts-ts-ts, bila kuchoka. Besi inashikilia mahali pamoja. Hakuna ubeti wala kiitikio, hakuna kordi zinazosafiri kwenda popote. Miles anaingia, anatoka, McLaughlin anachokonoa nyuzi, Shorter anapita kwa upole. Halafu, baada ya kama dakika ya 12, Miles anarudi.

Sikiliza vizuri anavyorudi. Anapiga kile alichopiga mwanzoni, na simaanishi kinachofanana nacho. Ni kilekile, kila pumzi, kila toazi, kila kinanda kilichochelewa kidogo. Dakika zipatazo sita za mwanzo zimenakiliwa na kuungwa mwishoni. Mara ya kwanza nilipohisi hivyo sikuamini sikio langu, nikaziweka sehemu mbili kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine. Vilima na mabonde ya mawimbi yalilingana.

Kwa watu wa leo, wanaonakili na kubandika kwa vidole viwili, hilo si kitu. Kwa kanda ni shughuli. Kipande kimoja hakiwezi kukaa sehemu mbili, kwa hiyo lazima urekodi nakala kwenye mashine ya pili bila kupoteza ubora mwingi, kisha uiunge. Kwa mwendo wa kawaida wa studio, sentimita 38 kwa sekunde, dakika sita ni mita 137 hivi za kanda. Na kiungo lazima kikae pale ambapo mdundo haukatiki. Hapo ndipo matoazi ya Williams yanapookoa jahazi: mpigo usiobadilika unampa fundi mahali pa kukata karibu popote.

Upande wa pili umefanyiwa hila hiyohiyo, ila kwa uzuri zaidi. Wimbo wa Zawinul uitwao In a Silent Way unafungua, unadumu dakika nne na ushei, halafu unaanza mwingine, It's About That Time. Ukiisha huo, zile dakika nne zinarudi nzima kufunga. Ukitoa marudio ya pande zote mbili, albamu ya dakika 38 ina muziki wa dakika 28 hivi tu. Macero alisimulia baadaye kwamba walikata na kukata mpaka kilichobaki kikawa kifupi mno kwa santuri nzima (LP), ndipo marudio yakaja. Kwa hiyo chanzo chake ni upungufu! Mimi naamini hata hivyo kwamba mtu mwenye sikio la utunzi aliona mlango hapo. Wanafunzi wa muziki wa Ulaya watakuambia hilo ni umbo la sonata: wazo, safari, wazo tena.

Wimbo wa Zawinul ulikuja studio na kordi nyingi. Miles akazifuta, akabakiza noti moja ya chini inayovuma, mi (E), na mlio wa polepole juu yake. McLaughlin amesimulia mara nyingi kwamba aliambiwa apige gitaa kama mtu asiyejua kulipiga. Anachopiga ndicho kinachofungua upande huo: noti chache, kama anayepapasa swichi gizani. Zawinul alikuja kuurekodi tena kwenye albamu yake iliyotoka 1971, kordi zikiwa zimerudi. Ni mzuri. Nimeusikiliza labda mara tano. Wa Miles sina hesabu.

Ndani ya It's About That Time ndipo waliolelewa na muziki wa dansi watapata chao. Besi inaingia na mdundo mfupi wa kurudiarudia, kinanda kinashuka ngazi, na Williams kwa muda mrefu anagonga ukingo wa dramu tu: ka, ka, ka. Unangoja chemko. Unangoja. Ikifika zamu ya pili ya Miles, mwishoni kabisa, Williams anafungua mikono yote miwili. Ni muda mfupi. Kisha wembe, na gitaa la McLaughlin linapapasa tena gizani.

Nikichepuka kidogo: Hancock, yule wa kinanda, muda mfupi baadaye alijiita Mwandishi, jina la albamu yake ya 1971, na wenzake nao wakachukua majina ya Kiswahili. Billy Hart akawa Jabali. Buster Williams akawa Mchezaji. Mpiga tarumbeta wao, Eddie Henderson, aliyekuwa daktari kweli, akawa Mganga. James Mtume, aliyewaletea majina hayo, akaenda kumpigia Miles ngoma.

Mwaka 2001 zilitoka kanda za vikao vile bila kukatwa, kwenye kasha moja. Nazipenda kama fundi, lakini usianze nazo. Anza na albamu yenyewe, usiku, spika za kawaida zinatosha. Kisha weka upande wa kwanza tena, fika dakika ya 12, ukitafute kiungo. Mimi nimekipata, na bado kila mara nakosea kwa nusu sekunde.