Kikundi peke yake hakipandishi bei ya korosho

Wiki hii tena kuna mtu kaniambia, "si wakulima wa korosho waungane tu wauze pamoja, mabroka wanaonunua mashambani watakimbia wenyewe." Nshachoka na maneno haya wallahi. Kila mkutano hapa Pwani ya Kenya, Kwale mpaka Kilifi, awe ni afisa au mfadhili au kijana katoka chuo juzi, wimbo ni uleule: undeni kikundi, fungueni akaunti, chagueni mwenyekiti, bei itapanda. Haipandi hivyo jamani.

Kiwandani hawaulizi mko wangapi. Watachukua sampuli, wapime unyevu, wakate waone kwenye gunia la kilo 80 watatoa ratili ngapi za kiini kizuri. Mmoja wenu akichuma mtini badala ya kungoja korosho ianguke yenyewe, ama akaleta ambazo hajaanika juani siku mbili tatu, zikimwagwa pamoja na za wenzake lori lote lishashuka bei. Kwa hivyo kila gunia lipimwe mlangoni, na anayepokea awe na roho ya kumrudisha hata shemejiye. Hilo wengi waelewa, sitalirefusha.

Kinachoniudhi ni vile broka anavyosemwa kama shetani na mkulima kama mjinga. Hebu angalieni kalenda. Msimu wetu ni kama Novemba mpaka Februari, na Januari shule zafunguliwa. Mama ana magunia mawili ndani, mtoto kaitiwa karo, broka huyo kaja na pikipiki, mzani wake kauchezea na mama ajua fika kauchezea, lakini pesa atoa hapohapo. Wengine broka kawakopesha tangu korosho ni maua. Kikundi nacho chamwambia lete mzigo, tungoje lori lijae, tuvuke feri ya Likoni, mnunuzi apime, atume pesa benki, tukate gharama, halafu utalipwa. Lini? Hakuna ajuaye. Wewe ungeuza wapi? Kisha jioni mwenyekiti alalamika wanachama si waaminifu, wauza pembeni. Mama wa watu ana karo, uaminifu waingilia wapi hapo?

Na msidhani hii ni shida ya vikundi vidogo. Wenzetu Tanzania walianza stakabadhi ghalani ya korosho kule Mtwara 2007, yaani mkulima aweka mzigo ghalani, apewa risiti, kisha zauzwa kwa pamoja; wana vyama vya msingi vya ushirika, maghala, na serikali iko nyuma yao. Mkulima alikuwa apewa malipo ya kwanza, ya pili angoje. Mwaka 2013 kule Liwale malipo ya pili yalikuja chini ya walivyotarajia, hasira zikapanda mpaka nyumba za watu zikachomwa moto.

Ninachosema mimi ni kwamba kikundi kiwe na mtaji wa kumlipa mkulima sehemu kubwa siku ileile analeta mzigo. Utoke Sacco, utoke kwa mnunuzi kwa mkataba, utoke kwa akiba yenu, lakini uwepo kabla ya gunia la kwanza. Mkopo nao una riba, lori likikaa wiki mbili zaidi faida yaliwa.

Hata hivyo nina wasiwasi wangu. Kenya korosho ghafi haisafirishwi nje bila kibali tangu 2009, na viwanda vya kununua ni vichache, sasa mkiwa na mzigo safi kabisa mtajadiliana bei na nani? Na msimu ambao mabroka wenyewe wagombania korosho shambani, ukitoa nauli ya lori na feri, nimeona kikundi chalipa sawasawa na broka. Sina jibu zuri la hapo.

Lakini kikundi kikiniita kabla ya Novemba, swali langu ni hili: mkulima akifika na gunia saa nne asubuhi, nani atamlipa saa nne na nusu, na shilingi ngapi kwa kilo? Mkishanijibu, ndiyo tuanze habari ya katiba na mwenyekiti.