Kwa nini maji taka yaliyokwisha kuwa maangavu bado hubeba amonia?

Je, wajua? Maji taka ya kijiji yanaweza kutulia siku mbili kwenye karo, yakapita kwenye kitanda cha kokoto na matete, yakatoka maangavu, na bado yakawa na sehemu kubwa ya amonia iliyoingia. Uchafu unaoonekana umechujwa, lakini amonia imeyeyuka ndani ya maji.

Chanzo chake hasa ni mkojo. Bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni, hawafanyi kazi bila hewa: kila kilo 1 ya naitrojeni ya amonia huhitaji takriban kilo 4.6 za oksijeni. Kitanda kinachojaa maji usiku na mchana hakiwezi kuwapa kiasi hicho. Mizizi ya matete husifiwa sana, ila oksijeni inayopitisha ni kidogo.

Kwa vijiji vya mteremkoni juu ya Moshi, suluhisho ni kitanda cha mchanga ambacho maji hushuka wima. Tumia mchanga wa mto uliooshwa, kina cha sentimita 60 hadi 80, chini yake mawe na bomba lenye matundu, ncha zake zikiinuliwa juu ya ardhi ili hewa iingie. Watu 100 wakitumia lita 60 kila mmoja, ni lita 6,000 kwa siku. Jenga vitanda viwili, kila kimoja mita za mraba 60, kimoja kikifanya kazi wiki hii huku kingine kikikauka.

Maji yasichuruzike. Yakusanywe, kisha lita 1,500 ziachiliwe kwa mkupuo, mara 4 kwa siku, zifunike uso wote wa kitanda. Yanaposhuka huvuta hewa nyuma yake. Hapa mteremko wa Kilimanjaro ni neema kubwa, maana sifoni, bomba lililopinda linalomwaga maji lenyewe tangi likijaa, hutoa mikupuo hiyo bila umeme wala pampu.

Sasa amonia imekuwa naitreti, na hilo halitoshi. Mwamba wa volkano wenye nyufa hupitisha maji upesi hadi kwenye chemchemi, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Kwa hiyo, mteremkoni chini ya vitanda vya mchanga, weka kitanda cha tatu, hiki kijae maji daima, chenye vibanzi vya mbao vya sentimita 2 hadi 4. Bakteria wa humo hula kaboni ya mbao, na kwa kukosa hewa huchukua oksijeni ya naitreti; naitrojeni hupaa kama gesi. Magunzi ya mahindi hufaa pia, ila huoza mapema. Unga wa mbao usiutumie, huziba.

Mchanga nao huziba, mara nyingi kwa tope na mafuta ya jikoni. Dalili ni maji kusimama juu saa kadhaa baada ya mkupuo. Nyonya karo kabla tope na utando havijafikia theluthi ya kina chake. Sifoni ikianza kuchuruzika mfululizo, safisha bomba lake la hewa siku hiyo hiyo, kwani mchanga ulio karibu na bomba la kuingizia utalowa muda wote na amonia itarudi.

Vijidudu vya maradhi hupungua tu, haviondoki vyote. Maji haya yaelekezwe kwenye mashina ya migomba, kamwe si kwenye mboga za kachumbari bustanini. Na kwa vijiji vya Meru, upande wa Arusha: floraidi ya visima haiondolewi na hatua yoyote kati ya hizi.