Kansa ya tezi za jasho ni kitu gani hasa?
Wengi wakisikia kansa ya ngozi akili inaenda kwenye madoa meusi tu, kumbe hata vile vitezi vinavyotoa jasho vinaweza kupata kansa, na mwilini viko kama milioni 2 hadi 4, vimebanana zaidi viganjani na nyayoni. Ila ni adimu mno, daktari anaweza kustaafu hajaiona.

Ubaya wake haina sura yake. Unaona kinyama kidogo mguuni au kichwani, hakiumi, mwenyewe unasema chunjua hiyo, unapaka dawa, kinatoka damu, kinakauka, kinatoka tena. Hiyo inaweza kuwa porokasinoma, aina moja ya kansa hii, iliyoelezwa mara ya kwanza 1963, huwapata zaidi wazee. Ipo nyingine inapenda uso, inatambaa chini kwa chini ikifuata mishipa ya fahamu, mtu anahisi ganzi mdomoni na juu kunaonekana kama kovu tu.

Ndo maana kwa macho huwezi kuijua, lazima baiopsi, yaani kukatwa kipande kikapimwe, na kikatwe kwa kina. Wakikwangua juu juu majibu yanaweza kurudi "sio kansa" wakati mambo yote yako chini. Maabara wanakikata vyembamba, wanakipaka rangi, wanaangalia kwenye hadubini kama seli zimejipanga kuwa vimirija kama vya jasho. Halafu kansa ya titi ikisambaa hadi kwenye ngozi inafanana nayo sana, kwa hiyo mama umeenda na kinyama cha kwapani ukaambiwa upime na matiti usishangae, daktari hajachanganyikiwa.

Tiba kubwa ni kukata, pamoja na ngozi kidogo ya pembeni isiyo na kansa. Usoni ambako huwezi kukata ovyo kuna upasuaji wa Mohs, wanatoa tabaka moja, wanalipima hapohapo wewe umekaa unasubiri na bandeji, zikibaki seli wanarudi kukata upande ule ule tu. Ikiwa imeshaingia kwenye tezi za limfu nazo zinatolewa, wengine wanaongezewa mionzi. Kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, zipo, lakini hakuna dawa moja ambayo wote wamekubaliana, maana wagonjwa ni wachache mno kufanyia utafiti wa maana.

Na hata ukishakatwa kliniki haiishi, inaweza kurudi palepale kwenye kovu, ndo maana kila ukienda daktari anakubonyeza kwapani au kinenani kutafuta tezi za limfu zilizovimba.