Nahodha akishuka, jahazi halizami

Barazani kwetu Mji Mkongwe, vijana wa kompyuta wakisikia msimamizi wa programu huria kaacha kazi yake ya kujitolea, husema ama kagombana na wenzake, ama programu ndiyo imeshakufa. La kwanza huenda likawa kweli. La pili mara nyingi silo.

Leseni za programu huria humruhusu mtu yeyote kuuchukua msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, kuurekebisha na kuusambaza. Nahodha akishuka Malindi, chombo hakishuki naye.

Itazame Python, lugha ya kuandikia programu. Mwasisi wake, Guido van Rossum, aling'atuka uongozini Julai 2018, kachoshwa na mabishano juu ya alama moja mpya, := tu. (Nimeona watu wakinuniana kwa kete ya bao, sishangai.) Wachangiaji walipiga kura kuchagua mfumo mpya, na mapema 2019 wakapata baraza la watu watano. Mmoja wao? Guido mwenyewe. Oktoba hiyo Python 3.8 ikatoka, alama ile ikiwemo.

Hatari iko kwenye makabidhiano. Msimamizi wa event-stream, maktaba (msimbo ulio tayari, unaotumiwa ndani ya programu nyingine) ya lugha ya JavaScript, alimpa haki za kuichapisha mtu asiyemjua, aliyeomba kwa barua pepe. Mwaka 2018 ikagundulika mgeni yule kapenyeza msimbo wa kuiba bitcoin. Kwa hiyo msimamizi wa Unguja au Wete akitaka kupumzika, msimuulize kwa nini anaondoka. Muulizeni funguo kamwachia nani.