Mkoba wa Dawa wa Kupanda Nao Kilimanjaro

Kila Desemba 9 inapokaribia, vikundi vya Watanzania hujiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro, na sisi tunaotoa mafunzo ya huduma ya kwanza huanza kuulizwa: tubebe dawa gani? Kabla ya kujibu, huwa ninawauliza wanaouliza: nani ataufungua huo mkoba, na saa ngapi? Safari ya kileleni kwa kawaida huanza karibu na saa sita usiku. Baridi ni kali, vidole vimekufa ganzi, mwanga ni wa tochi ya kichwani, na anayetafuta dawa mara nyingi ni mwenzako kwa sababu wewe ndiye unayeumwa. Akikuta vidonge vyeupe vya aina tatu ndani ya vibahasha vya karatasi visivyo na jina, atakupa kipi?

Basi beba dawa zikiwa kwenye pakiti zake za kiwandani. Juu ya kila pakiti andika kwa kalamu ya wino usiofutika inatibu nini, unakunywa ngapi, na baada ya saa ngapi. Ufunge mkoba kwa zipu inayofunguka hata mtu akiwa amevaa glavu. Na mkoba ukae kwenye begi unaloshinda nalo mgongoni, kwa sababu mzigo mkubwa hutangulia kambini na wapagazi, nawe unabaki njiani saa nyingi bila hata plasta.

Ugonjwa unaowasumbua wengi mlimani ni ule wa mwinuko. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na pale kila pumzi inaingiza takriban nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukweni Dar es Salaam. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kwa njia ya Marangu, kutoka kambi ya Horombo hadi kambi ya Kibo unapanda karibu mita 1,000 kwa siku moja. Ndiyo maana nasisitiza siku ya ziada ya kupumzika Horombo. Ikibidi kuchagua, afadhali pesa ya dawa za ziada iende kulipia siku hiyo.

Acetazolamide, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea mwinuko. Kwa mtu mzima, kiasi cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inahitaji cheti cha daktari. Kama uliwahi kuvimba au kutokwa na vipele kwa sababu ya Septrin au SP (ile dawa ya malaria), mweleze daktari kabla hajakuandikia. Vidole vikichonyota na ukakojoa mara kwa mara, usishtuke, ndivyo dawa hiyo ilivyo.

Panadol ibebe, lakini usiitumie kujidanganya. Kichwa kikiuma, kunywa dawa, pumzika, ukae hapo hapo ulipo. Kama maumivu hayatulii, au kichefuchefu kinaongezeka, usipande hata hatua moja. Kisha fanya kipimo hiki kisichohitaji kifaa: mwambie mgonjwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba au akishindwa, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Akihema kwa shida hata akiwa ameketi, huku anakohoa, maji yanajaa mapafuni. Wote wawili wateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, na wasiachwe peke yao. Deksamethazoni, dawa ya uvimbe wa ubongo, na nifedipini, ya maji ya mapafuni, zitolewe na daktari au kiongozi wa msafara aliyefunzwa. Zinampa mgonjwa nafuu wakati anashushwa, ila haziwezi kuwa badala ya kumshusha.

Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni ni kizuri, ila kidole kilichopoa hutoa namba ya uongo. Pasha mkono joto kwanza.

Miguuni, lengelenge huzuilika. Ngozi inapoanza kuwaka ndani ya kiatu, simama saa hiyo hiyo ubandike plasta. Ongeza gozi, bandeji ya kuvutika, mkasi, glavu za mpira, na ORS ya kuchanganya na lita moja ya maji salama kwa kila pakiti. Kwenye vidonge vya kusafisha maji, soma maelezo: vipo vya ndoo ya lita 20, na hivyo havifai kutumbukizwa kwenye chupa ya lita moja. Miwani ya jua ni sehemu ya mkoba pia, maana theluji na jua la juu huunguza macho.

Mtu akipandwa na homa kali, usikimbilie kusema ni mwinuko. Anayetoka ukanda wa pwani anaweza kupanda na malaria ikiwa tayari mwilini, kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria kina nafasi yake. Insulini na dawa za matone zikae karibu na mwili, hata usiku ndani ya begi la kulalia, kwa kuwa insulini ikishaganda haifai tena.

Halafu wapo wapagazi, wagumu wetu. Wanabeba mizigo, wanafika kambini kwanza, na wengi huficha maumivu wasije wakakosa kazi safari ijayo. Dawa zikihesabiwa kwa idadi ya wageni tu, zitapungua. Kabla ya kuondoka getini, kiongozi azungumze na kila mmoja, mgeni kwa mpagazi, faraghani: nani ana pumu, kisukari, shinikizo la damu, mzio wa dawa? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni, juu kabisa ya mkoba.