Quận na huyện: wilaya za Vietnam zilikuwaje hasa

Ukifuatilia habari za Vietnam utakutana na maneno mawili kila mara, quận na huyện, na wengi wanayaita yote wilaya wanapita zao. Sio kosa, ila nusu ya maana imebaki, maana Mvietnam akikutajia huyện aliyotoka ameshakwambia pia amekulia maisha gani.

Quận (tamka kama "kwan") ilikuwa wilaya ya mjini, mpaka wilaya zote zilipofutwa 2025, na zilikuwepo kwenye majiji makubwa tu, yale yanayosimamiwa na serikali kuu moja kwa moja kama Hanoi, Da Nang na Ho Chi Minh City. Huyện ilikuwa wilaya ya vijijini. Quận iligawanywa kwenye kata zinazoitwa phường, huyện iligawanywa kwenye xã, yani kata za vijijini, pamoja na vimji vidogo, thị trấn. Kilichochanganya ni kwamba jiji lenyewe lilikuwa na huyện ndani yake! Hanoi ilikuwa na quận 12, huyện 17 na mji mmoja wa Sơn Tây, yani mtu anakwambia anaishi Hanoi kumbe nyumba yake inatazamana na mashamba ya mpunga. Ho Chi Minh City nayo ilikuwa na Cần Giờ, huyện ya mikoko inayofika mpaka baharini, msitu ambao UNESCO iliuingiza kwenye hifadhi zake mwaka 2000.

Sasa maisha. Kwenye quận za Ho Chi Minh City watu wengi hawakai barabarani, wanakaa kwenye vichochoro vinavyoitwa hẻm, Hanoi wanaita ngõ. Anwani unaisoma 47/12/5, maana yake kwenye namba 47 ya barabara kubwa ingia kichochoro, ukifika namba 12 ingia kingine chembamba zaidi, nyumba ni ya 5. Humo ndani pikipiki zinapishana kwa shida, kuna mama kaweka sufuria la supu ya tambi mlangoni na vistuli vya plastiki vifupi hivi, na watoto wanacheza katikati, na kwangu mimi huwezi kuielewa quận bila kuielewa hẻm.

Huyện ni mashamba, soko la asubuhi, na vijiji vya ufundi. Bát Tràng, kandokando ya Mto Mwekundu kwenye iliyokuwa huyện ya Gia Lâm huko Hanoi, wanafinyanga vyombo vya udongo karne na karne. Mpaka kati ya quận na huyện nao ulikuwa hautulii, jiji likipanuka huyện ilipandishwa kuwa quận na bei ya viwanja ilipanda kabla hata karatasi hazijasainiwa. Từ Liêm, Hanoi hukohuko, ilikuwa huyện, ikagawanywa kuwa quận mbili mwishoni mwa 2013. Vạn Phúc, kijiji cha wafumaji wa hariri, kiliishia ndani ya quận ya Hà Đông, lango la kijiji bado limesimama na magorofa yamelizunguka.

Na hapa ndo uwe makini ukisoma ramani za zamani: kuanzia tarehe 1 Julai 2025 Vietnam imefuta ngazi nzima ya wilaya, nchi nzima. Mikoa na majiji yalitoka 63 yakawa 34, na chini yake kuna xã, phường na visiwa vichache vyenye hadhi maalum kama Phú Quốc, basi. Gia Lâm imegawanywa kuwa xã nne, Bát Tràng ni mojawapo. Lakini mazungumzo hayafutwi kwa sheria, mtu wa Ho Chi Minh City akikuelekeza kwake bado atasema Quận 3 au Bình Thạnh, quận za zamani, kwa sababu ndivyo alivyozoea toka utotoni. Na hapo palipokuwa Quận 1 sasa kuna phường inayoitwa rasmi Sài Gòn, jina ambalo jiji lilivuliwa mwaka 1976.