Vijana wa India na shamba: tuanze na hesabu ya vitunguu

Ukiuliza kwa nini vijana wa Asia wanaacha kilimo utajibiwa fasta, simu, uvivu, wanapenda mjini. Mimi kazi yangu ni uchumi wa kilimo na hilo jibu huwa linaniumiza kwa kweli, maana ukikaa na daftari ukapiga hesabu za mkulima mdogo wa India unakuta kijana aliyeondoka alishazipiga zamani.

Februari 2023, jimbo la Maharashtra, mkulima mmoja alisafirisha kilo 512 za vitunguu mpaka soko la Solapur, akapewa rupia 1 kwa kilo. Haya, rupia 512. Ikakatwa hela ya gari, ikakatwa ya makuli, ikakatwa ya mzani, akabakiwa na rupia 2 na senti kidogo, na hizo 2 hakupewa mkononi bali aliandikiwa hundi, tena ya tarehe ya mbele. Habari ikasambaa nchi nzima. Sasa we fikiria kijana wa miaka 20 anaisoma kwenye simu na vitunguu vya baba yake bado vipo shambani.

Na vitunguu vya msimu ule havikai, vinaoza, kwahiyo huwezi kusema nisubiri bei ipande, unauza siku ile ile na wenzako wote na soko linafurika. Halafu bei ikija kupanda kweli serikali inaingilia ili watu wa mjini wale kwa bei nafuu: Agosti 2023 waliweka ushuru wa 40% kwa vitunguu vinavyouzwa nje, Desemba mwaka huo huo wakapiga marufuku kabisa kuuza nje. Yaani hasara ni ya mkulima peke yake lakini faida ikikaribia inazuiwa, na hili ndilo naliona zito kuliko yote, zito hata kuliko jua na jembe. Wakulima wa mbaazi wa Tanzania walishaonja makali ya serikali hiyo hiyo kuingilia soko, maana 2017 mbaazi zilijaa India, bei ikashuka huko, serikali yao ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi kutoka nje, na huku kwetu mnunuzi akakosekana.

Tuje kwenye ardhi. Sensa ya kilimo ya India ya 1970-71 ilikuta shamba la wastani lina hekta 2.28, ile ya 2015-16 ikakuta hekta 1.08, ambayo ni kama ekari mbili na nusu na kidogo. Baba akiwa na watoto wanne wa kiume kila mmoja anapata kipande ambacho hata trekta likigeuka linaingia kwa jirani, na hicho chenyewe anakipata akiwa mtu mzima sana kwa sababu hati iko kwa mzee na benki inataka hati ndio ikukopeshe. Kukodi shamba? Majimbo mengi yana sheria za zamani zinazobana ukodishaji, zilitungwa kumlinda mpangaji asinyonywe, matokeo yake watu wanakodishana kwa mdomo na kijana aliyekodi haonekani kwenye karatasi yoyote, hapati mkopo wala fidia mafuriko yakipita.

Ndio maana kwenye utafiti wa serikali wa 2018-19 familia ya mkulima ilikuwa inaingiza wastani wa rupia 10,218 kwa mwezi, na humo mazao yalileta 3,798 tu, vibarua na mishahara vikaleta 4,063. Soma tena hapo. Mtu anaitwa mkulima lakini hela kubwa inatoka kwenye kazi ya kuajiriwa, kwahiyo kijana akihamia mjini moja kwa moja anamalizia safari ambayo familia ilishaianza.

Kuna jambo lingine watu wanalionea aibu kulisema, ndoa. Februari 2023 hiyo hiyo, huko Mandya jimbo la Karnataka, makapera, wengi wao wakulima, walitembea kwa miguu siku kadhaa mpaka hekalu la Male Mahadeshwara kuomba wapate wake. Mabinti hawataki kuolewa shambani na mimi siwalaumu hata kidogo, wamewaona mama zao wakipandikiza mpunga wameinama kutwa kwenye tope, na sheria ya mirathi ya Wahindu ya 2005 imewapa haki sawa ya kurithi lakini kwenye familia nyingi binti anaombwa asaini kuwaachia kaka zake.

Jimbo la Punjab kwenye ngano na mpunga wenye bei ya uhakika ya serikali nako wanaondoka, wazazi wanauza au kuweka rehani shamba mtoto akasome Kanada, miji midogo imejaa mabango ya kufundisha mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Japani wao wamefika mbali zaidi, sensa ya 2020 ilikuta mkulima wao wa wastani ana karibu miaka 68.

Mahali ambapo vijana wanabaki napo papo, na mimi ningependa watunga sera wapaangalie hapo kuliko kuendesha semina za hamasa. Jimbo la Gujarat ushirika wa maziwa wa Amul uliozaliwa 1946 una wafugaji kama milioni 3.6, asubuhi na jioni unapeleka maziwa kituo cha kijiji, yanapimwa mafuta mbele yako, bei unaijua na hela haisubiri mavuno. Jimbo la Kerala vikundi vya akina mama wa Kudumbashree, mpango wa jimbo wa kupunguza umaskini, wanakodi mashamba kwa pamoja na kupata mkopo kama kikundi bila hati ya mzee yeyote. Mwaka 2016 serikali kuu ilitoa mfano wa sheria ya kukodisha ardhi ya kilimo ili anayekodi atambulike bila mwenye shamba kuogopa kunyang'anywa, lakini ardhi India ni mambo ya majimbo, kwahiyo kila jimbo linaamua lenyewe kuipitisha au kuiacha kabatini.